Jina Lililoitwa Kule Kalokol

Kaka yangu alikuwa akivua samaki halafu anawarudisha majini. Nalisema mapema kwa sababu ndilo jambo la kwanza watu wa kwetu walilouliza alipopotea, na ndilo lililonigombanisha na nusu ya ukoo. Sisi ni watu wa Ziwa Victoria. Kwetu samaki ni mboga, ni karo ya shule, ni kitu cha kumpa mgeni anapoaga. Mtu akimvua mbuta mzito kama mtoto wa darasa la tano, akampiga picha, akamsifu, kisha akamwachilia aende zake, watu wa kwetu watamgusa shingo waone kama ana homa.

Yeye ndiye aliyetangulia Turkana. Ofisi ya mifugo ilimpeleka Lodwar, akalalamika kwa muda kuhusu joto na vumbi, kisha akaacha kulalamika na hakutaka tena kusikia habari ya uhamisho. Mimi nilimfuata baadaye, nikapata kazi ya kufundisha katika shule ya msingi ndani ya kambi ya Kakuma. Tulikuwa wawili tu kutoka kwetu katika nchi yote ile kavu, na tulikuwa tukichekana kwamba watoto wa mvuvi wamekwenda kutafuta riziki jangwani.

Lakini hata jangwani alipata ziwa. Jumamosi alikuwa anapanda pikipiki ya ofisi hadi Kalokol, na huko kulikuwa na boti ya kukodi, ya mbao, yenye injini nyuma na turubai la kivuli katikati. Wageni waliikodi kwa ajili ya kuvua kwa fimbo ya uzi na ndoana: wafanyakazi wa mashirika, wakubwa wa ofisi kutoka Nairobi, na siku zile pia wale waliokuja kutafuta mafuta. Nahodha wake alikuwa Mturkana wa umri wa kaka yangu, mrefu, asiyependa maneno mengi. Wawili wale walipatana. Kaka yangu akawa mtu wa tatu wa boti ile: mgeni anashika fimbo, nahodha anashika injini, yeye anashika mdomo.

Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yake, na niliifurahia sana kuidhihaki. Mbuta hana meno ya kukata, ana kitu kama msasa mdomoni. Samaki akishachoka na kuvutwa hadi ubavuni mwa boti, mtu hupiga magoti, huingiza mkono majini, na kumshika taya la chini kwa kidole gumba. Anamtuliza hapo, anachomoa ndoana, mgeni anapiga picha yake, kisha anamsukuma taratibu mpaka samaki apate nguvu aondoke mwenyewe. Nahodha huwa hawezi kuiacha injini wakati huo, maana upepo ukigeuza boti uzi unakatika. Kwa hiyo akiona samaki amekaribia, hupaza sauti kutoka nyuma, anataja jina la kaka yangu na kusema, "Shika mdomo!" Nilikwenda nao mara moja nikausikia ukelele huo na nikacheka mpaka nikakohoa. Mtu wa digrii, mtoto wa kwanza wa mama yetu, anaitwa kwa kelele namna ile kwenda kushika samaki taya, tena bure.

"Utakufa na vidole vimechubuka," nilimwambia.

"Na wewe utakufa na mdomo mrefu," akanijibu, akanionyesha kidole gumba chake chenye ngozi ngumu kama kisigino. Alikuwa anajivunia kidole kile kuliko cheti chake.

Msimu aliokuwa akiupenda ni ule wa mwanzo, maji ya mto Omo yanapoanza kufika kutoka Ethiopia. Ziwa huanza kupanda polepole, upande mmoja unakuwa na rangi ya chai ya maziwa na upande mwingine unabaki wa kijani, na mbuta wakubwa huja kusimama pale rangi mbili zinapokutana. Wavuvi wa nyavu wanakuwa bado hawajajaa. Upepo wa asubuhi ukitulia kuna saa chache za maji laini, na ndizo saa za fimbo.

Mwaka 2012, mwanzoni mwa msimu huo, wavu uliotupwa ulijisokota kwenye pangaboi la injini. Hakuna ajabu katika hilo, nyavu kuukuu zimejaa ziwani. Kaka yangu alichukua kisu akaingia majini kuukata, kama alivyokuwa amefanya siku nyingine. Aliukata. Nahodha aliuona wavu ukielea huru, akaona mkono wake ukisukuma ubavu wa boti, kisha upepo ukaja kutoka upande wasioutarajia, boti ikayumba na kusogea, na alipogeuka kutazama tena hakukuwa na mtu. Walizunguka mahali pale mpaka mafuta yakakaribia kwisha. Boti nyingine zikaja. Siku zilizofuata watu walitembea ufukweni hadi kusikofika barabara. Hapakuonekana hata fulana. Neno mamba lilikuwa linasemwa watu wanapodhani siko karibu, na nilipokaribia walikuwa wanaanza kuzungumza habari ya upepo.

Nilirudi Kakuma nikafundisha. Watu walishangaa kwamba naweza, na mimi niliwachukia kwa kushangaa. Nilikuwa na hasira na kila kitu: na watoto wenye kelele, na watoto walio kimya, na wale waliokuja kunipa pole na soda. Nikipata nafasi nilikuwa naipiga nambari yake ya simu. Yule mwanamke wa mitambo aliniambia mteja hapatikani kwa sasa, na hilo "kwa sasa" nililishika kama mtu anavyoshika kamba. Sio kwamba hayupo. Hapatikani kwa sasa tu.

Kisha siku moja mchana, nikiwa nje ya ofisi ya walimu, simu ile iliita. Iliita kabisa, mlio mrefu, na mtu akapokea. Nikakaa chini kwenye mchanga mbele ya wanafunzi. Ilikuwa sauti ya msichana, na nyuma yake redio inaimba. "Haloo? Ni nani?" Kampuni ilikuwa imempa mtu mwingine nambari ile. Sikumjibu. Nilimsikiliza akisema haloo, haloo, mpaka akachoka akakata, na baada ya hapo sikupiga tena.

Nyumbani, mama alikuwa anangoja. Kwetu mtu aliyekufa maji asipopatikana huzikwa tunda la yago badala yake, lile tunda refu, zito, linaloning'inia kwenye mti wake kwa kamba. Linavikwa shuka, linalazwa kaburini, linaliliwa kama mtu. Baada ya hapo ndipo marehemu anapokuwa na mahali, mjane akiwepo anapata amani yake, na watoto wanaozaliwa wanaweza kupewa jina lake. Bila hivyo mtu huyo anazunguka tu. Mama alikuwa anamsikia. Alisema kuku wanaruka usiku bila sababu, na mlango wa nyumba ya ujana ya kaka yangu unajibamiza hata kusipokuwa na upepo. Mama si mtu wa kuota ndoto ovyo. Ni mshirika wa kanisa, kiongozi wa akina mama, na aliyasema haya kwa sauti ile ile anayotumia kuniambia bei ya sukari.

Lakini tunda halizikwi kwa ajili ya mtu ambaye hajaja. Mtu lazima aende kwanza mahali alipopotelea, amwite kwa jina lake, kwa sauti ya kumfikia aliye mbali, amwambie nyumbani pako tayari. Na yeyote aliyemwita ndiye anayemleta na kumfikisha, mpaka amwambie mbele ya kaburi kwamba amefika. Mama alikuwa na miguu mibaya. Baba hayupo. Nilibaki mimi.

Nilikataa karibu mwaka mzima. Nilimwambia mama barabara ni mbaya, nikamwambia shule haina walimu, nikamwambia mambo yale ni ya zamani. Ukweli ni kwamba sikutaka kaka yangu awe tunda. Muda wote ambao hajaitwa, mimi bado nilikuwa na kaka asiyepatikana kwa sasa. Mama alikuwa anazeeka kwenye simu, namsikia, kila tukizungumza sauti imepungua kidogo. "Nisife kabla hajalala," aliniambia. Nami nikamjibu kwamba mtandao unasumbua.

Aliyenisukuma hakuwa mtu wa kwetu. Kulikuwa na mama mmoja wa Sudan Kusini aliyeuza samaki wakavu sokoni kambini, samaki waliotoka Kalokol kwenye malori. Alikuwa jirani wa shule na mtoto wake nilimfundisha. Alijua silitazami banda lake tangu mwaka uliopita, maana sikuweza kutazama samaki wa maji yale, sembuse kula. Siku hiyo alinipa kiti, akanifunikia samaki kwa gunia ili nisiwaone, akaniuliza kwa nini nimekonda. Nikamwambia yote, habari ya tunda na ya kuita jina.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Maalesh, pole, mwalimu. Lakini wewe iko na bahati."

Nilikasirika. Nilisimama niondoke.

"Kaa," akasema. "Mimi, bwana yangu na watoto wawili ilibaki njiani. Njia gani? Mimi hapana jua. Tulitembea usiku. Hata leo nikitaka kwenda kuita, nitasimama wapi? Wewe unajua mahali."

Nilikaa. Yeye aligeuka akaendelea kupanga samaki wake chini ya gunia. Shule zilipofungwa mwezi wa Agosti 2013, nilipanda gari la kwenda Lodwar, na kesho yake nikawa Kalokol.

Nahodha nilimkuta akipaka lami kwenye boti. Alinitambua kutoka mbali, akasimama na brashi mkononi inadondoka.

"Ejok, mwalimu," akanisalimu.

"Ejok."

Nilimwambia nataka kufika mahali pale. Alisema kuna mhandisi kutoka Nairobi ameikodi boti siku hiyo kwa kuvua, wa kwanza katika msimu, na kama sitajali kukaa na mgeni basi nije, atapitia pale. Kisha akaniuliza nataka kufanya nini nikifika. Nilimwambia. Uso wake ulibadilika.

"Hapana," alisema. "Kuja, kaa, angalia maji, lia. Lakini jina ya yeye hapana ita kwa boti yangu."

"Kwa nini?"

"Sasa ni mwanzo ya msimu. Ukiita mtu ya maji mwanzo ya msimu, yeye nakuja, nakaa kwa boti, hapana shuka tena." Alitazama ziwa. "Mimi nataka yeye arudi, mwalimu. Lakini hapana hivyo."

Sijui kama hiyo ni desturi ya wavuvi wa pale au ilikuwa yake mwenyewe. Sikuwa na moyo wa kuuliza. Nilinyamaza, naye akadhani nimekubali. Nilikuwa nimeamua nitaita, hata akinitupa majini.

Mhandisi alikuwa mtu mpole, mwenye kofia pana na sanduku zima la vyambo vya bandia vya kila rangi. Nahodha alimwambia mimi ni mwalimu ninayetaka kuona ziwa, naye akanikaribisha kama boti ni yake. Upepo wa asubuhi ulipotulia tukatoka. Maji ya Omo yalikuwa yameanza kufika. Ule mstari wa rangi mbili ulikuwepo, kahawia huku na kijani kule, na nilichukia kuuona uko vile vile, mzuri, kana kwamba haujafanya kitu.

Jambo nililoligundua mapema ni kwamba hakukuwa na mtu wa tatu. Mwaka mzima nahodha hakuwa amechukua mshika mdomo mwingine. Wageni wakipata samaki alikuwa anafunga usukani kwa kamba na kukimbia mbele kufanya kazi zote mbili, na mara nyingi uzi ulikatika na wageni walilalamika. Nilijua hayo kwa sababu mhandisi alikuwa amekwishaonywa na wenzake. Pale mbele kushoto, alipokuwa akipiga magoti kaka yangu, mbao zilikuwa zimelainika. Nahodha alipopita kwenda mbele na kurudi, aliruka pale kidogo, kama unavyomruka mtu aliyelala. Niliona mara ya kwanza nikadhani imetokea tu. Alifanya hivyo kila alipopita.

Tulifika mahali pale. Hakuna alama yoyote, ni maji tu, lakini nahodha alipunguza injini akanitazama kisha akatazama kando. Nilisogea ubavuni. Nilikuwa nimelipanga neno langu njia nzima kutoka Kakuma. Nilifungua mdomo na jina halikutoka. Sio woga wa nahodha. Nilijaribu tena, nikapata pumzi tu. Jina ambalo nimeliita tangu sijajua kutembea, nililoliita nikitaka kubebwa, nikitaka sukari, nikipigwa na watoto wengine, lilikataa kutoka kooni. Maana nikiliita na asijibu, basi. Nitakuwa nimemuua mimi. Nilikaa chini nikajifunika uso kwa leso, na mhandisi wa watu akaniuliza kama boti inanichefua, akanipa tangawizi.

Hapo ndipo fimbo ilipopinda.

Uzi ulikimbia ukilia, mhandisi akapiga ukelele, na kwa muda mrefu hakuna aliyekumbuka kwamba nipo. Alikuwa samaki mkubwa. Alikwenda chini, akapumzika, akakimbia tena kuelekea maji ya kahawia, na nahodha akamfuata kwa injini, mbele kidogo, nyuma kidogo, macho hayabanduki kwenye uzi. Mhandisi alikuwa analoa jasho na kucheka peke yake. Nilijikuta nimesimama. Damu ni damu. Mimi ni mtoto wa mvuvi na samaki akiwa kwenye uzi siwezi kukaa. Kisha tukamwona, ubavu wa fedha ukigeuka chini ya maji, mpana kama mlango wa kabati, na lile jicho la njano. Akaanza kuja. Upepo nao ukaanza kusukuma, boti ikawa inataka kugeuka, na nahodha akaikaza injini kwa mikono miwili.

Samaki akafika ubavuni, mbele kushoto.

Nahodha akapaza sauti. Alilitaja jina la kaka yangu, kwa nguvu zake zote, na kusema, "Shika mdomo!"

Jina lile sitaliandika hapa. Lilipita juu ya vichwa vyetu likaenda ziwani, na sijawahi kusikia kitu kikiwa kimya namna ile baada yake, ingawa injini ilikuwa inanguruma. Nilimgeukia nahodha. Alikuwa amebaki na mdomo wazi. Mkono mmoja ulikuwa umetoka kwenye injini na bado umeelekezwa mbele, mahali pale.

Mhandisi alitazama mbele, akatazama nyuma, fimbo inamtetemeka mikononi. "Nani?" akauliza. "Kuna mtu mwingine?"

Na samaki alikuwa pale, anatapatapa, uzi unakaribia kukatika. Nilikwenda. Nilipiga magoti kwenye mbao zile laini, nikaingiza mkono majini, nikamshika taya la chini kwa kidole gumba kama nilivyokuwa nimeona. Msasa ule ulinichuna ngozi. Samaki alinitikisa mkono mzima kisha akatulia, na uzito wake wote ukawa mkononi mwangu, hai, unapumua. Pumzi yangu ikarudi. Nikasema, chinichini, kwa lugha ya kwetu, "Umeitwa. Twende nyumbani."

Nilichomoa ndoana. Mhandisi alipiga picha yake. Nikamsukuma samaki mbele na nyuma, mbele na nyuma, mpaka akayapiga maji kwa mkia mara moja akaondoka. Tulirudi ufukweni bila kuvua tena. Mhandisi alivirudisha vyambo vyake sandukuni, kimoja kimoja. Alikuwa na adabu, au alikuwa na hofu.

Nahodha hakushuka kwenye boti. Alikaa ndani yake ikiwa imefungwa mchangani, mikono kati ya magoti. Nilidhani atanilaumu. Nilikuwa tayari kugombana.

"Mimi nilisema usiite," alisema hatimaye. "Na mimi ndiyo nimeita. Mdomo yangu iliita yenyewe."

"Nimesikia."

"Mimi nimeita, wewe umeshika. Sasa yeye iko wapi, mwalimu? Iko na wewe ama iko hapa?"

Nilimweleza alivyosema mama, kwamba aliyemwita ndiye anayemfikisha. Nilimwambia pengine haina maana, yeye si wa damu, na aliita kwa kusahau tu. Alikwaruza lami kwenye kucha.

"Hapana sahau," alisema. "Kila samaki, mwaka yote, hiyo jina nakuja mpaka hapa." Alijigusa koo. "Nameza."

Asubuhi iliyofuata nilimkuta Lodwar kwenye kituo cha mabasi, amevaa suruali ndefu na viatu vya ngozi vilivyombana, ana shuka begani na fimbo yake. Hakuwa amewahi kwenda mbali kuliko Lodwar. Alinunua tiketi yake mwenyewe na hakutaka nibishane. Njiani nilikaa dirishani, yeye akakaa upande wa pili wa njia ya katikati, na kiti kilichokuwa kati yetu, kando yangu, kilibaki kitupu hadi Kalemng'orok. Pale abiria mmoja aliyepanda alitaka kukikalia. Nahodha alinyosha mkono akakizuia. "Iko na mtu," alisema. Yule abiria alitazama kiti, akamtazama yeye, akaenda kukaa nyuma.

Nilikuwa namwogopa mama. Njia nzima kupita Kitale na kuteremka kwetu nilikuwa natunga namna ya kumwambia kwamba niliposimama mahali pale sauti yangu ilinitupa, na kwamba mtoto wake ameitwa na mgeni. Mama alikuwa mlangoni. Alimwangalia mtu yule mrefu kuanzia viatuni hadi kichwani, akauliza ni nani. Nikamwambia yote pale pale, tumesimama, kabla hajanikumbatia.

"Alimwitaje?" mama aliuliza.

"Kama alivyokuwa akimwita kazini."

"Kwa ukali?"

"Kwa haraka, mama. Alikuwa anamhitaji."

Mama akamsogelea nahodha, akamshika mkono kwa mikono yake miwili, akamwingiza ndani, akamkalisha kwenye kiti ambacho tangu baba afe hakikukaliwa na mtu. Mimi nilibaki nje na mizigo.

Tulilizika lile tunda siku iliyofuata, mchana. Lilikuwa limevikwa shuka jeupe na wajomba wakalibeba wanne, ingawa wawili wangetosha. Mchungaji alisoma, akina mama wakaimba, na kila mtu alikuwa anamtazama yule mtu aliyesimama na fimbo kichwani mwa kaburi. Ndugu wengine walinong'ona. Mama akamwambia aseme, nami nikasimama kando yake ili nitafsiri.

Hakuwatazama watu. Aliinama kidogo kuelekea shimoni, akalitaja jina, sasa kwa sauti ndogo, kama mtu anayezungumza na mwenzake aliye jirani naye kwenye boti.

"Umefika," alisema. "Hapa ni kwenu. Mama yako iko hapa, nimemwona, ni mzee. Hii ni kitanda yako." Alinyoosha mgongo, akaiegemea fimbo. "Mimi narudi Kalokol. Wewe usikuje. Ukisikia boti, usikuje. Nitatafuta mtu mwingine ya kushika mdomo. Kazi imeisha, ndugu yangu. Pumzika."

Nilitakiwa kutafsiri na sikuweza. Hakukuwa na haja. Mama alikuwa amekwisha piga magoti kwenye udongo, analia kwa sauti, kilio ambacho hakuwa amelia mwaka mzima. Sote tulikuwa tukimwambia kaka yangu arudi, kila mmoja kwa namna yake, na hapakuwa na yeyote kati yetu aliyethubutu kumwambia asirudi tena. Nilimchukia mtu yule kwa kumwambia. Nilisimama pale nikimchukia, na huku nimeshika mkono wake nisianguke.

Mjomba aliniambia nitupe udongo wa kwanza. Niliuchukua, ukiwa na unyevu, nikautupa, nikausikia ukiangukia shuka na kile kilichokuwa ndani yake. Ulitoa mlio mzito, wa mtu kabisa.

"Lala," nikamwambia.